Alama Mikononi mwa Mutuma

Mutuma wa Mithika alikuwa akikwea mti wa miraa kila siku kabla jua halijatoka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na hapa Muthara hakuna aliyemshinda kwa kuchuma. Alichuma huku akiwatania walio chini. Mama yake, Igoki, alizoea kumsikia shambani kabla hajawasha moto wa chai.

Mwaka 1996, mwezi wa pili, utani ukapungua. Mutuma alichoka upesi. Mikono yake ilijaa alama nyeusi za damu iliyovilia. Baba yake, Mithika, alimcheka, akasema mchumaji asiye na alama za matawi ni mvivu. Ufizi ulipotoka damu, alimwambia apunguze kutafuna miraa, asukutue kwa maji ya chumvi. Homa ilipokuja, wakanunua dawa ya malaria dukani. Hata sisi majirani tungesema hivyo hivyo. Nani huku kwetu hana alama za matawi?

Siku ya tisa ya homa, damu ikatoka puani na kukataa kukatika. Wakamkimbiza hospitali, akapimwa damu. Daktari alisema ni leukemia, yaani saratani ya damu, na kwamba imekwenda mbali. Mithika aliona haya kuuliza hicho ni kitu gani. Kuuliza si ujinga, lakini mbele ya koti jeupe wengi wetu husahau. Siku ya tatu, asubuhi, Mutuma akafa.

Mithika hakukubali kwamba kijana mwenye nguvu anaweza kuondoka hivyo bila mkono wa mtu. Akamkumbuka jirani yake, Kiambi. Desemba waligombania mti wa mpakani, na Kiambi akasema kwa hasira, "Mti huu utakuliza." Sasa Mithika alikuwa analia. Alimkataza Kiambi kukanyaga mazishini, kisha akaenda kwa wazee kudai kiapo cha mbuzi.

Kiapo hicho si mchezo. Mbuzi hupigwa hadi mifupa ivunjike, na anayeapa husema kwamba akificha ukweli, naye avunjike vivyo hivyo. Nyumba hizo mbili zilikuwa zimekula pamoja miaka thelathini. Baada ya kiapo zisingesalimiana tena. Wazee wakapanga Jumamosi.

Alhamisi Igoki alikwenda zahanati kwa muuguzi Marcella kuuliza maana ya lile jina la hospitali. Marcella alifunga kazi, wakarudi pamoja nyumbani.

"Pole, Baba Mutuma," alisema.

"Pole nimepewa nyingi, sista. Niambie nani aliwekea mtoto wangu hiyo saratani."

"Hakuna mtu. Ndani ya mifupa kuna uboho, na hapo ndipo damu hutengenezwa. Chembe nyeupe za damu ya Mutuma ziliharibika, zikazaana ovyo, zikanyima zingine nafasi. Zile nyekundu zikapungua, ndiyo akachoka. Zile za kugandisha damu zikapungua, ndiyo akatoka damu ufizi na pua. Hata hiyo mikono."

"Mikono ni matawi."

"Si matawi, mzee. Ni damu ilikuwa inavuja chini ya ngozi."

Igoki aliuliza kama dada yake Mutuma, aliyetumia kikombe chake, ataambukizwa. Marcella akasema hapana, ugonjwa huu hauambukizi. Akaeleza kwamba mara nyingi hata madaktari hawajui unaanzia wapi.

Mithika aliitazama mikono yake mwenyewe. "Alinionyesha hiyo mikono," alisema. "Nikacheka. Ningempeleka mapema, angepona?"

Marcella angeweza kumdanganya apumzike. Hakumdanganya. "Sijui. Ugonjwa wake ulikuwa wa mbio, na dawa yake ni ngumu hata kwa hospitali kubwa. Angepimwa mapema, angepata nafasi kidogo. Wewe hukujua."

Ndipo Igoki akasema neno ambalo hakuna mwingine angethubutu kulisema. "Mzee, unataka Kiambi awe na makosa ndiyo wewe usiwe nayo."

Mithika akalia mbele yao bila kujificha.

Siku hizi, pale tunapofunga miraa, Mithika huwatazama vijana mikono. Huwaambia: alama zinazokuja bila kugongwa, ufizi unaotoka damu, uchovu usiokwisha, usibahatishe dawa ya duka. Kapimwe damu. Kijana mmoja, Bundi, alimsikiliza, akakutwa amepungukiwa damu. Alitibiwa na amerudi kazini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Ijumaa ile Mithika aliwaendea wazee akaondoa kiapo, kisha akaenda kwa Kiambi. Kiambi alipomwona alisimama kwa hofu.

"Nimeondoa kiapo," Mithika alisema. "Ni ugonjwa uliua mtoto. Si wewe. Nisamehe."

Kiambi hakuuliza ni ugonjwa gani. "Huyo mtoto ni mimi nilimfundisha kupanda mti," alisema. "Na ukaninyima kumtupia udongo."

Mithika alimshika mkono, wakaenda kaburini. Mithika akapiga magoti. Kiambi naye akapiga magoti kando yake, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga polepole juu ya Mutuma. Alipomaliza alitaka kuinuka, akaona hawezi kumwacha Mithika chini peke yake, akabaki amepiga magoti naye.