Jina Kabla ya Pigo

Magharibi ile Gervais alikwenda kwa shemeji yake Orpa kuchukua pasi ya makaa, na hakuwa na nia ya kuongea.

Pasi ilikuwa ya marehemu mkewe, Sidonie. Kesho yake alikuwa anakwenda Mbarara, mtaa wa Kakoba, kucheza fainali ya pulu, ule mchezo wa kusukuma mipira mashimoni kwa fimbo, na alitaka kufanya mazoezi ya mwisho kwenye meza ya Rwakabuba pale Misiera. Nakivale, kambi ya wakimbizi alikoishi na Wakongo wenzake, unyevu wa ziwa huingia kila mahali. Kitambaa cha meza kikishaloa hujikunja, na mpira uliotumwa moja kwa moja huanza kuyumba kama mlevi. Dawa yake ni pasi, sawasawa na shati.

Orpa alikuwa anachagua maharage mlangoni. Hakumkaribisha. Aliingia ndani, akatoka na pasi, akaiweka chini badala ya kumpa mkononi.

"Shemeki, unajua bantu banasema nini?"

Alijua. Tangu mwaka huo wa 2013 uanze, kijiji kizima kilikuwa kinasema. Kwamba yule mwalimu wa fizikia, aliyekuwa anakosa mipira ambayo hata mtoto angeitumbukiza, alianza kushinda kila mtu mara tu baada ya kumzika mke. Kwamba alimtoa kafara. Kwamba mkono kama ule haupatikani bure.

"Na weye unasema nini?" aliuliza.

Orpa alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje.

"Miye ninamuotaka," alisema polepole. "Anasimama pale ku mulango, miguu matope matupu. Amechoka. Anasema kuko mutu anamuita. Kila siku anamuita... halafu hamuambie kitu."

Gervais aliokota pasi akaondoka bila kuaga.

Hasira ile haikuwa ngeni kwake. Ilianza siku gari la kukodi lilipokwama kwenye tope njiani kwenda hospitali, Sidonie amelazwa kiti cha nyuma, homa imemshika, na dereva anasema wangoje mvua ipungue. Mvua ilipungua. Sidonie hakungoja. Hapakuwa na mtu wa kumpiga. Mvua haipigwi, tope halipigwi, na dereva naye alikuwa analia. Basi Gervais alianza kupiga mipira.

Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa kubahatisha. Leo angeitumbukiza mipira mfululizo hadi watu wakasimama. Kesho angekosa mpira uliokaa mdomoni mwa shimo. Sidonie, aliyekuwa anauza sambusa kando ya meza ile, ndiye aliyeuona ugonjwa wake. Alimwambia siku moja, huku anafunga sambusa kwenye gazeti, kwamba mkono wake hauna kosa. Kosa lake ni kwamba akiinama kwenye mpira huu, roho yake imeshafika kwenye mpira unaofuata. Alicheka, kisha akamwambia ajifunze kukaa fasi moja, mahali pamoja tu.

Baada ya mazishi alijifunza. Kila alasiri, shule ikifungwa, aliweka mpira mweupe mahali pale pale na mpira mwingine mbele ya shimo la kati la kushoto, akarudia pigo lile lile. Miguu pale pale. Kidevu juu ya fimbo. Pumzi itoke yote, ndipo mkono uende. Kilichobaki kilikuwa kichwa. Alihitaji neno moja la kufunga mlango ili mawazo mengine yasiingie. Alijaribu kuhesabu, hesabu zikamletea hesabu nyingine. Alijaribu sala, sala ikageuka ugomvi na Mungu. Jioni moja, bila kupanga, pumzi ilipoisha alitamka kimoyomoyo, Sidonie.

Kila kitu kikanyamaza. Mpira ukaingia.

Tangu hapo lilikuwa neno lake. Kila pigo, jina. Alasiri nzima, jina juu ya jina. Na hakukosa tena.

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Jasho lake lote, na subira aliyofundishwa na mwanamke yule, watu walivichukua wakaviita uchawi. Walikuwa wamemwibia kazi yake, na kwa ulimi uleule walikuwa wanamchafua marehemu, kama vile alikuwa mbuzi wa kafara.

Banda la Rwakabuba lilikuwa tupu. Mwenye banda alikuwa amemwachia ufunguo. Gervais alikoka makaa, akayajaza ndani ya pasi, akaanza kunyoosha kitambaa kuanzia kichwani mwa meza, taratibu, kufuata uelekeo wa manyoya yake. Nje, mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu. Upande wa ziwa kiboko alikoroma mara moja, akanyamaza.

Juma zima lile mpira ulikuwa unamsumbua mahali pamoja, karibu na shimo la kati la kushoto. Pale pale pa mazoezi yake. Ulifika pale ukajipinda, kidogo sana, kama mtu anayegeuza shingo kuitika. Alidhani ni unyevu.

Pasi ilipofika pale, harufu ilipanda.

Hakuwa na haja ya kuuliza ni harufu gani. Mchaichai na moshi wa kuni. Nguo za Sidonie zilikuwa zinanukia hivyo kila jioni. Lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, nzito, yenye ubaridi...

Udongo. Udongo wa chini.

Alipapasa. Kulikuwa na kitu chini ya kitambaa, chembamba, kimelala. Aling'oa misumari midogo ya ukingoni kwa ncha ya kisu, akafunua, akaingiza mkono.

Kilikuwa kipande cha kitenge. Buluu, chenye kunguru wa manjano. Pindo lake limeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa mkono, mishono mirefu isiyolingana. Sidonie alitumia uzi ule kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia, na alimtania kwamba hakuna atakayeinama kutazama pindo lake isipokuwa mume wake.

Kitenge kile hakikubaki nyumbani. Gervais mwenyewe alimzungushia mwilini, akalichomeka lile pindo chini ya bega, na kifuniko cha jeneza kikafungwa mbele ya macho yake.

Alisimama na kile kipande mkononi. Kilikuwa kimeloa.

Juma lililopita, kitambaa cha meza kilikuwa kimefunguliwa na mtu mmoja tu. Emery, seremala, aliyeletwa kukikaza kilipolegea. Karakana yake haikuwa mbali, na Gervais alifika akiwa bado ameshika kisu, ingawa hakukumbuka kukibeba. Alimkuta Emery anafagia vumbi la mbao. Alimshika ukosi wa shati akambana kwenye mlango.

"Ulifungula kaburi ya bibi yangu?"

"Hapana, Prof." Emery alikuwa ananong'ona, macho yakiwa kwenye kitenge wala si kwenye kisu. "Miye sifungulake makaburi. Nilipewa."

"Na nani?"

"Mama mumoja. Alikuja saa ya jioni kama hii. Hakuingia, alisimama pale unasimama weye. Akapasula pembe ya kitenge yake mwenyewe, akaniambia niweke chini ya kitambala, fasi ya ule mupira unapendaka. Nilizani ni ndugu yako, kuko mambo yenu ya familia."

"Akasema nini?"

"Akasema, labda akikosa, atanyamaza."

Gervais alishusha kisu.

"Alikuwa namna gani?"

"Mufupi. Jino la mbele limekatika pembe." Emery alitazama kizingiti. "Na miguu matope, Prof. Mpaka ku magoti. Na juma ile mvua haikunyesha..."

Emery alikuwa ameingia Nakivale miezi mingi baada ya mazishi. Hakuwahi kumwona Sidonie. Gervais alimwachia, na njiani alijipangia maelezo, moja baada ya jingine, kama anavyowapangia wanafunzi ubaoni. Habari ya jino lile la Sidonie inaweza kusimuliwa na jirani yeyote. Kitenge cha kunguru wa manjano kiliuzwa duka kwa duka Misiera. Mtu mwenye chuki anaweza kununua uzi mwekundu. Orpa naye anaweza kumwambia mtu ndoto yake.

Asubuhi alipita makaburini. Majani yalikuwa yameota juu ya kaburi lote la Sidonie, mazito, mizizi imeshikana kama mkeka. Hakuna jembe lililogusa pale. Aliinama, akajaribu kung'oa fungu moja la majani kwa mikono miwili. Halikung'oka.

Hapo hasira yake ikageuka, ikamwelekea yeye aliyelala pale. Alimuuliza kwa sauti kwa nini aende kwa fundi asiyemjua. Kwa nini kwa Orpa. Kwa nini si kwake, mume wake?

Na kabla hajamaliza kuuliza, alikumbuka maneno yale. Anamuita, halafu hamuambie kitu.

Alikuwa anamwita. Mchana kutwa, kwa moyo wote, kwa pumzi yote. Na kila alipokwisha kumwita aliutazama mpira.

Kakoba alikwenda hata hivyo. Kutokwenda kungekuwa kukiri. Ukumbi ulijaa waendesha bodaboda waliovua kofia zao za chuma, na mlangoni habari zake zilikuwa zimemtangulia. Mpinzani wake, Dauda, kijana wa pale pale Kakoba, alimpa mkono kwa heshima kisha akaupangusa kwenye suruali, watu wakacheka.

Gervais alikuwa ameapa jambo moja. Jina lile halitatoka tena, si mdomoni wala moyoni, kwa ajili ya mpira.

Alipoteza mchezo wa kwanza vibaya. Alipoinama, kichwa chake kilikuwa soko zima, gari, tope, Orpa, uzi mwekundu. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama dawa ya Mukongo imeisha muda. Mwingine akajibu kwamba mke alikuwa mmoja tu, sasa atatoa nani.

Gervais alisimama wima. Alipaka chaki kwenye ncha ya fimbo mpaka kelele zikaisha zenyewe, kisha akaanza upya na kile kilichokuwa chake. Miguu. Kidevu. Pumzi nje, yote. Mahali pa neno aliacha patupu, akalivumilia lile tundu kama mtu anavyovumilia jino lililong'olewa. Pigo moja likapita. La pili likapita. Mwili ulijua. Zile alasiri zote hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimekaa begani, kwenye kiwiko, kwenye vidole, zikingoja aziamini. Alishinda mchezo wa pili. Katika wa tatu alisafisha meza mpaka ukabaki mpira mweusi peke yake, mbele ya shimo la kati la kushoto.

Alikuwa na hasira, lakini mkono ulikuwa umetulia. Hii kazi ni yangu, alijisemea. Haikumuua mtu. Mutaona.

Aliinama.

"Piga, sebo," Dauda alisema taratibu, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. "Watu nangoja."

Ukumbi ulinyamaza. Pumzi ikatoka, yote. Ukabaki ule upenyo mdogo uliokuwa mtupu, kabla mkono haujaenda...

"Gervais."

Karibu na sikio la kushoto. Sauti ya Sidonie, na pumzi fupi ya uchovu kabla ya jina.

Mkono ulikwenda. Mpira mweusi ukaingia bila kugusa ukingo.

Kelele zilipasuka. Watu wale wale waliomtukana walikuwa wanampiga mabegani. Yeye alikuwa bado ameinama, meno yameumana, kwa sababu neno la kuitikia lilikuwa limeshafika nyuma ya ulimi, na wazee husema anayemwitikia mfu humfuata.

Dauda alikuja upande wake kumpa mkono. Safari hii hakuupangusa. Alitazama nyuma ya Gervais, akatazama chini ya meza, kisha akamsogelea sikioni.

"Sebo, huyu mama anakuita hapa... iko wapi?"

Jumatatu, magharibi, Gervais alirudisha pasi. Alikuwa amekizika kile kipande pale makaburini, akasema yote aliyopaswa kumwambia tangu mwanzo, kwa sauti, mpaka koo likamkauka. Fimbo yake alimpa Rwakabuba. Orpa alimkaribisha ndani, akamwekea kiti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri.

"Shemeki, unisamehe kwa yale maneno," alisema. "Tangu juzi haji kwangu tena. Nafikiri amepumuzika."

Gervais aliitikia kwa kichwa. Nje hapakuwa na mvua, na barabara yote ilikuwa vumbi jeupe. Alitazama kizingiti cha mlango. Palikuwa na tope bichi, alama ya unyayo mmoja, vidole vikielekea ndani.

Aliinama kuweka pasi chini. Miguu yake ikajipanga yenyewe, kama ilivyozoea. Pumzi ikatoka, yote.

"Gervais."

Orpa alikuwa anachagua maharage. Hakuinua uso.

Mazoezi humfundisha mtu kukaa fasi moja, na humfundisha pia kufunga mdomo. Gervais aliufunga. Hakuitika. Lakini alijua, kuliko mtu yeyote Nakivale, jinsi anavyoita mtu aliyejizoeza kuita. Jioni hii, na kesho, na alasiri nzima ya keshokutwa, bila kuchoka, mpaka asikose.