Mashairi ya Bibi Theodosia

Asubuhi ilikuwa njema, jua limeingia hadi kwenye sinia ya chai. Keziah, mjakazi, alikuwa anapasha chuma cha kukunjia nywele. Alasiri ile bibi yake mpya, Bibi Henrietta, angewasomea wageni mashairi.

"Karatasi hizo hapo, zichane unisokotee nywele nazo," Henrietta akamwamuru. " Na nataka mawimbi, si manyoya ya kondoo kama juzi!"

Keziah akazishika. Ule mwandiko aliujua: wa Bibi Theodosia, mke wa kabaila mmoja, bibi yake wa zamani, aliyezikwa mwezi Machi. Siku ya kukata roho alimkabidhi Henrietta, shoga yake wa chanda na pete, bunda la mashairi yake yote. Alimwagiza ampe Sophia, bintiye Theodosia, asimpe mwingine. Henrietta aliapa huku analia. Keziah alikuwepo, ameshika kikombe cha dawa ya kikohozi.

"Bibi, haya si ya mtoto Sophia?"

"Nimeshayanakili. Sasa ni yangu. Wewe unalishwa usome, au usokote?"

Akasokota. Simfichii: aliogopa kufukuzwa, akachana, akasokota. Kila kishungi na ubeti wake, kila ubeti na chuma cha moto. Harufu ikapanda. Si ya karatasi kuungua. Ya ile dawa ya kikohozi.

Saa kumi akazifungua. Karatasi ya kwanza nyeupe, haina hata neno. Ya pili nyeupe. Zote nyeupe pe.

Wageni wakakaa. Henrietta akafungua daftari lake. Akapekua. Akapekua tena. Kurasa tupu.

"Anza basi, shoga," mmoja akamtania, "au yamekutoroka?"

Akafumbua kinywa. Kikatoka kikohozi. Kikavu, mara tatu. Kila aliyemjua marehemu alikitambua. Kisha tone jeusi likashuka kwenye paji la uso wake. La pili. Nywele zilikuwa zinavuja wino.

Keziah alikimbilia chumbani kwake darini. Juu ya mto alikuta bunda, zima, halijachanwa. Akampelekea Sophia siku hiyohiyo, kwa miguu.

Sophia sasa ni bibi kizee, na bunda analo. Wino wa mashairi ulikauka zamani. Lakini ukurasa wa mwisho una mstari mmoja usio wa shairi: "Keziah, hata wewe?"

Huo haujakauka. Ukiugusa, kidole kinachafuka.