Rangi Haikazi Nati

Kila alasiri Mutheu alivua sare ya shule, akanywa chai harakaharaka, kisha akashuka hadi gereji ya mama yake pale Gatongora, nyuma ya duka la simiti. Wateja wageni walizoea kuuliza, "Fundi yuko wapi?" huku wakimtazama fundi mwenyewe. Mama yake, Mwelu, hakujisumbua kuwajibu. Alinyoosha mkono tu apewe ufunguo wa gari.

Mutheu alikuwa na kazi moja hapo, na aliionea fahari. Nati zote muhimu zilikazwa kwa spana ndefu ya kipimo, ile inayolia "tak!" nati inapokazika sawasawa. Mutheu akishasikia sauti hiyo, aliichora nati mstari mweupe kwa rangi ya kucha. Sheria ya gereji ilikuwa hiyo: kwanza sauti, kisha rangi. Nati yenye mstari haikuguswa tena na mtu yeyote.

Ijumaa moja, gari lililokuwa juu ya stendi lilikuwa la Kahiga, jirani yao, baba yake Nyawira. Nyawira alikuwa rafiki mkubwa wa Mutheu. Gari lenyewe lilikuwa limekula chumvi nyingi. Lilikuwa limebeba maziwa kutoka Theta kwa miaka mingi, kwenye barabara ya mashimo, mpaka bodi ikalegea. Gurudumu moja likipanda jiwe, bodi ilijipinda na mlango wa nyuma ukakataa kufungwa.

"Mama Mutheu, hii gari inalia kuliko mtoto mchanga," Kahiga alikuwa amesema alipolileta. "Nisaidie isinikatikie njiani."

Mwelu alimtafutia vyuma viwili vya kuikaza bodi isijipinde. Kimoja alikifunga chini ya boneti, kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Cha pili kilipita chini ya gari.

"Hiki cha chini ndicho cha kuchunga," alimweleza Mutheu, wote wawili wakiwa wamelala kwenye katoni. "Kinafungwa na nati zilezile mbili zinazoshika mikono ya magurudumu ya mbele. Saa hii nazishikisha tu kwa vidole. Tukishusha gari magurudumu yakanyage zile mbao nene, ndio tutazikaza na spana ya kipimo. Nati kama hii ikichomoka gari likiwa mbio..."

Hakumaliza. Mutheu alielewa.

Walilishusha gari. Mama akakaza nati ya kushoto. Tak! Mutheu akachora mstari. Kabla mama hajahamia upande wa kulia, honi ya lori ilipigwa langoni. Dereva alikuwa analalamika kuwa breki zimeshika, naye mama akatoka kwenda kumsikiliza.

Wakati huohuo Nyawira akachungulia kwenye ua. "Mutheu, si ukuje! Tunakungoja tuanze mchezo wa kati!"

Mutheu aliitazama nati ya kulia. Mama angerudi kuikaza tu, alijiambia. Kuipaka rangi sasa au baadaye kuna tofauti gani? Akachora mstari, akafunga chupa, akakimbilia mchezo.

Aliporudi jua lilikuwa linazama, na mbao zilikuwa tupu.

"Mama, gari la Baba Nyawira liko wapi?"

"Amelichukua." Mama alikuwa ananawa grisi mikononi. "Unajua nilifikiri bado upande mmoja? Kuangalia chini, nikaona umepaka zote mbili. Siku hizi kichwa changu nacho!" Akacheka.

Mutheu hakucheka. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Mama angesema nini? Angemruhusu tena kukanyaga gereji? Alijipa moyo kwamba nati ilikuwa imeshikishwa kwa vidole, kwa hiyo ingekaa. Jioni hiyo aliuacha ugali sahanini, na mama alipomuuliza, akasema kichwa kinamuuma. Uongo wa rangi ulikuwa umezaa mwenzake.

Asubuhi alikuwa anafagia mbele ya nyumba aliposikia honi. Nyawira alikuwa ametoa uso dirishani mwa gari la baba yake.

"Tunaenda Thika kumchukua cucu! Ametoka hosi!" Nyanya yake alikuwa amelazwa hospitalini huko.

Gari likapanda tuta. Kutoka chini, upande wa kulia, kulitoka mlio. Kok. Kisha tena: kok. Kahiga alikuwa amefungulia redio, hakusikia kitu. Likakata kona.

Ufagio ulimponyoka Mutheu. Akilini aliliona gurudumu likichomoka kwenye barabara kuu, akauona uso wa Nyawira dirishani. Hofu ya kugombezwa, iliyomkosesha usingizi, ikawa si kitu. Alikimbia ndani.

"Mama! Ile nati ya kulia hukuikaza! Nilipaka rangi kabla!"

Mwelu alimkodolea macho. Alichukua simu akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Kahiga hakuwa mtu wa kushika simu akiendesha, na siku zote alijisifu kwa hilo.

"Leta sanduku la spana," mama alisema. "Haraka."

Walipanda bodaboda ya Kiama, kijana wa pale kwenye kona. Mutheu alikaa katikati, sanduku mapajani, akilitazama kila gari lililosimama kando ya njia. Mbele yao waliona watu wamejazana barabarani, na Mutheu akalikumbatia sanduku. Walipofika karibu, aliona ni watu wanaonunua tikiti maji.

Karibu na Juja simu ya mama ililia.

"Mama Mutheu, ulinitafuta?" Ilikuwa sauti ya Kahiga. "Nimesimama hapa petrol station ya Juja, Nyawira anataka maji. Na hii usukani mbona inavuta upande?"

"Kahiga, zima gari! Usilisogeze hata kidogo!"

Walimkuta amesimama kando ya gari, hajui acheke au aogope. Mwelu akatandika katoni, akaingia chini.

"Mutheu, njoo uone."

Nati yenye mstari mweupe ilikuwa imefika ncha ya bolti. Mama aliizungusha kwa kidole kimoja tu, ikamdondokea kiganjani. Kahiga alikuwa ameinama anaangalia. Alipoiona, alimvuta Nyawira karibu naye akamshika bega.

"Ngai, Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Na hapo mbele ningeongeza mwendo."

"Baba Nyawira, ni mimi," Mutheu alisema huku analia. "Nilichora alama kabla mama hajakaza. Naomba unisamehe."

Kahiga alijipangusa jasho. "Ai, Mutheu. Haya ungeyasema jana jioni. Lakini umeyasema tukiwa bado wazima. Nimekusamehe."

Mama alimgeukia. "Rangi haikazi nati, mwanangu. Huo mstari ni neno lako. Niliuamini kuliko kichwa changu mwenyewe. Ukiweka alama kwa kazi ambayo haijafanywa, unamwambia mwenzako alale ilhali nyumba inaungua. Na ukikosea, sema palepale. Kugombezwa hakujaua mtu, lakini nati hii ingeua." Akamtazama Kahiga. "Nami pia nilikosea. Niliacha kazi katikati, kisha nikatoa funguo bila kupima tena. Haitarudiwa."

Mutheu alifuta mstari wa zamani kwa kitambaa chenye petroli mpaka ukatoka wote. Mama aliangalia meno ya bolti, akaona hayajaharibika, akarudisha nati. Kisha akaivuta spana ya kipimo. Wakati huohuo lori la mawe likapita likinguruma.

"Haya, paka," mama alisema.

Mutheu alitoa chupa ya rangi sandukuni, akasogeza brashi karibu na nati, kisha mkono wake ukasimama.

"Sijasikia, mama."

Mwelu alimtazama binti yake. Alisubiri lori liende, akaiweka spana upya, akavuta.

Tak!

Hapo ndipo Mutheu akachora mstari wake.