Mstari wa Mlango

Jua lilikuwa linazama nilipoipokea ile kanda ya video. Mzee Leodgar aliitoa Ujiji kwa miguu mpaka studio yangu, Buzebazeba, ameifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Recho. Katuni hii aliichora marehemu dada yangu, Honorata, akajichora mwenyewe ndani yake. Imejaa chenga. Nataka nimwone vizuri kabla sijafa." Akapunguza sauti. "Ila mistari yake midogomidogo isipotee."

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yangu ya kusafisha kanda za zamani. Ukizidisha kusafisha chenga, zile nukta zinazochezacheza kwenye picha, kompyuta hudhani mstari mwembamba nao ni uchafu. Inaufuta.

Alipoondoka nikaanza. Kwenye kioo cha kompyuta, chumba kimoja. Mwanamke amesimama mbele ya mlango, anagonga. Anagonga tu. Mlango wenyewe ulichorwa kwa mstari mwembamba kama unywele. Kanda haikuwa na sauti.

Nikapandisha kiwango cha kusafisha. Chenga zikapungua. Nikapandisha tena...

Picha ikatakata. Mlango ukafutika.

Mwanamke akaacha kugonga. Akageuka, akanitazama.

Ndipo niliposikia harufu ya chokaa mbichi. Nikatazama nyuma.

Studio yangu haikuwa na mlango.

Ukuta mtupu, kona hadi kona, wenye unyevunyevu ukiugusa. Dirisha sikuwahi kuweka. Nikapiga kelele. Nje bodaboda zilipita, muuza migebuka akanadi samaki wake, kama vile sipo. Nikaupiga ukuta mpaka viganja vikachubuka. Pumzi ikaanza kuwa nzito.

Ngo... ngo... ngo...

Ilitoka kwenye spika.

"Rudisha," sauti ikanong'ona. Midomo ya yule mwanamke ilikuwa inacheza. "Rudisha, mdogo wangu. Tutoke."

Nikashusha kiwango mpaka sifuri. Chenga zikajaa kwenye kioo. Mstari ukarudi. Nyuma yangu bawaba zikalia. Kitu cha baridi kikanipita begani, kikatangulia kutoka.

Kwenye kioo, chumba kilikuwa kitupu.

Asubuhi nikapeleka kanda Ujiji. Watu walikuwa wanaizunguka nyumba ya Mzee Leodgar, wanapapasa kuta. Jirani yake, mama Brigita, akanishika mkono.

"Tunatafuta mlango," alisema. "Jana ulikuwa hapa."

Ndani mtu alikuwa anagonga.

Martini, fundi wa mtaani, akaanza kuvunja ukuta kwa sururu. Mama Brigita akaniinamia sikioni.

"Honorata hakufa kwa ugonjwa, mwanangu. Ndugu zake walimsingizia uchawi, wakamfungia chumbani siku tisa. Aligonga mpaka akanyamaza."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Kaka yake."

Sururu ikatoboa. Tukachungulia. Mzee Leodgar alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, macho wazi, mikono imekakamaa mapajani. Alikwishakufa tangu usiku.

Na kugonga kulikuwa kunaendelea, ngo... ngo... ngo... kama kule kwenye spika yangu.