Kurasa Alizoruka Godelieve

Rafiki yangu Godelieve alizidharau riwaya za mapenzi, hasa zile ambazo mjane analia kurasa mia nzima. Yeye mumewe, Mwenze, alifukiwa na udongo ndani ya shimo alilochimba chini ya sebule yao hapa Kolwezi, akitafuta kobalti. Mwili haukupatikana, shimo likazibwa kwa saruji, na Godelieve hakutoa hata chozi.

Alasiri moja mama mkwe wake, ambaye macho yake yamechoka, alimwomba amsomee riwaya. Umeme ulikatika na mvua ikatia giza, basi akasoma kwa tochi ya simu huku amebinua midomo.

"Mama, uyu mwanamuke ni mupumbafu kabisa! Bwana amekufa, ye anakumbatia shati. Tuende tu ku ndoa."

Akaruka kurasa kumi.

Chini ya saruji, chuma kiligonga mara mbili.

"Mwenze alikuwa anagonga vile," mama mkwe akanong'ona, "wakati anataka batu ba ku juu barudishe kamba ya kumuvuta."

Godelieve akasonya, akaendelea kusoma ndoa. Kikagonga tena, safari hii chini ya nyayo zake. Akarudi kwenye kurasa za shati, akasoma kilio chote. Kugonga kukakoma.

Alipomaliza, chini ya saruji mtu akavuta kamasi.