Pete ya Sonara na Lenzi Mbili

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alipitia kwanza studio ya shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa udogo wake na kwa kutotulia mahali pamoja. Alivua viatu mlangoni, akafagia, akafuta vumbi kwenye meza ya dirishani. Zamani studio ile ilijaa watu waliotaka picha za vitambulisho. Siku hizi kila mtu ana simu, kwa hiyo shangazi alikuwa amegeukia picha za bidhaa: sabuni, viatu, mikoba, chochote ambacho fundi alitaka kuwaonyesha wanunuzi wa mbali.

Ijumaa hiyo alimkuta sonara wa jirani amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Sisimizi. Mbona mikono mitupu? Sukari umeiacha njiani?"

Mezani palikuwa na pete ya fedha. Kwa miaka mingi duka moja kubwa la vito lilikuwa likinunua pete za sonara huyu, likifuta chapa yake ndogo ya jani iliyokuwa upande wa ndani, kisha likigonga chapa ya duka. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba fedha yake ina giza na kazi yake ni ya vichochoroni. Aliambiwa hivyo huku pete zake zikimeta kwenye kabati lao la kioo. Ndivyo walivyo watu wa aina hiyo. Anayetaka kukunyang'anya kazi ya mikono yako huanza kwa kukwambia haina thamani.

Sasa yalikuwa yakiandaliwa maonyesho ya mafundi, na kila fundi alitakiwa kutuma picha ya kazi yake kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Chapa ionekane wazi. Lenzi ya kawaida ya shangazi haikuweza kusogelea kitu kidogo kiasi hicho, ilitoa ukungu tu. Muuza kamera alikuwa amemwazima lenzi mbili za makro, za kupigia vitu vidogo kwa karibu, azijaribu, achague moja, na nyingine airudishe kabla duka halijafungwa jioni hiyo.

"Zote mbili zinakuza sawa," shangazi alimweleza Sisimizi. "Lakini hii fupi lazima uisogeze karibu, pua kwa pua na pete. Hii ndefu inakaa mbali kidogo. Mimi nimeitwa kwa fundi viatu. Simamisha pete kwa nta, funga kamera kwenye stendi, upige kwa zote mbili. Nikirudi uniambie ipi imeonyesha chapa vizuri. Usipige kwa mkono."

"Naiacha pete yangu hapa," alisema sonara akiinuka. "Ukiimeza, tutajua pa kuitafuta."

Walipoondoka, Sisimizi alianza vizuri. Tatizo lilikuwa stendi. Mguu wake mmoja uligoma kufunguka, nta nayo ilikuwa ngumu kama jiwe. Nje wenzake walikuwa wanagawana timu za mpira. "We Sisimizi," mmoja aliita dirishani, "tunaanza bila wewe, usije ukalia."

Akachukua sarafu kuukuu, akailaza mezani, akapiga kwa mkono. Lenzi fupi ilionyesha kila mkwaruzo wa sarafu. Lenzi ndefu ilitoa picha iliyotetemeka. Basi, jibu si limepatikana? Akatoka mbio.

Shangazi alirudi jua likielekea kuzama, anahema. "Haya, ipi?"

"Fupi. Ndefu ina ukungu."

"Uliweka kwenye stendi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukapiga pete?"

"Ndiyo."

Shangazi hakuwa amewahi kudanganywa na mtoto yule. Aliikamata lenzi ndefu, akaiwahisha dukani.

Asubuhi sonara alifika amevaa shati lake la kutokea, utadhani atakayepigwa picha ni yeye. Shangazi aliisimamisha pete, akaanza kuisogeza kamera. Akaisogeza tena. Kivuli cha lenzi kikaangukia pete, mwanga wa dirishani ukakosa pa kupita. Fedha huangaza kama kioo, na ndani yake likatokea duara jeusi. Ilikuwa sura ya lenzi yenyewe. Shangazi akaizungusha meza, akaweka karatasi nyeupe huku na huku. Duara halikuondoka. Alipoirudisha kamera nyuma, pete ikawa ndogo na jani likawa doa.

Sonara aliinama kwenye kioo cha kamera akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kweli," alisema polepole. "Ina giza."

"Ngoja kwanza, fundi. Hiyo ni—"

"Wao niliona wananidharau tu, dada. Lakini kamera haina ugomvi na mimi." Akaiokota pete, akaanza kuifunga kwenye kitambaa. "Usihangaike. Nitawapelekea wenyewe wagonge chapa yao."

Shangazi alimgeukia Sisimizi. "Jana ilitokaje?"

Angeweza kusema jana kulikuwa na jua zaidi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini aliviona vidole vya sonara vikilifunga fundo la kitambaa, vidole vilivyoungua mara nyingi kwenye moto wa kazi, na akajua kwamba anayelifunga fundo lile hasa ni yeye Sisimizi, kwa uongo wake.

"Sikupiga pete," alisema. "Nilipiga sarafu, kwa mkono. Stendi sikuifungua. Nilidanganya, shangazi. Nilitaka kuwahi mpira."

Shangazi hakumgombeza. Alifungua droo, akatoa koleo, akamkabidhi. "Hiyo stendi iwe wazi nikirudi. Fundi, nipe muda wa kwenda na kurudi tu. Pete ibaki."

Dukani, muuza kamera alimshangaa. "Si ulisema ndefu ina ukungu?"

"Ukungu ulikuwa mkononi, ndugu yangu, si kwenye lenzi."

"Mie nilijua. Ila mteja akishaamua, nani wa kumbishia?"

Aliporudi, mguu wa stendi ulikuwa umefunguka na kiganja cha Sisimizi kimechubuka. Nta alikuwa ameipasha joto hadi ikalainika. Lenzi ndefu ilikaa mbali, ikiacha nafasi. Shangazi alisimamisha karatasi nyeupe katika nafasi ile, na mwanga wa dirishani ukaingia mpaka ndani ya duara la pete. Picha ilitoka nyeupe, tulivu. Jani lilionekana hadi mishipa yake. Pembeni yake palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa tupa.

"Nikuondolee huo?" aliuliza shangazi.

"Uache. Nao ni wangu."

Picha ilitumwa kabla ya saa sita. Wiki iliyofuata sonara alipata meza yake kwenye maonyesho, chini ya chapa yake mwenyewe. Lakini siku ile, kabla hayo hayajajulikana, Sisimizi alisimama mbele yake akamwomba radhi.

"Mimi kudharauliwa na wenye maduka nimezoea," sonara alimjibu. "Leo nusura nijidharau mwenyewe. Hapo wangekuwa wamenimaliza."

Shangazi akamketisha mpwa wake kwenye benchi. "Umemsikia? Uliona unakwepa kazi ndogo tu. Ukisema umepima na hukupima, kuna mtu atalibeba jibu lako kama kweli, na wewe humjui ni nani. Uongo wa wenye maduka kama wale hauendi peke yake, mwanangu. Huendeshwa na uvivu wa watu wema kama wewe na mimi. Mimi nami nilipaswa kuzitazama picha zako kabla ya kukimbilia dukani."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa.

"Basi nyanyuka. Fundi ana pete nyingine nyumbani, nenda naye mkazilete. Leo unapiga wewe."