Kiti cha Miaka Kumi

— Kiti? Onesphore, unanunua kiti?

Gracieuse aliuliza huku ameshikilia msuko ulioishia nusu kichwani mwa mteja, na saluni nzima ikageuka kumtazama kijana aliyesimama mlangoni na ovaroli la kiwanda cha magodoro cha Mobeni. Hakuja na maua. Hata soda hakuja nayo. Alikuja na simu mkononi na habari ya kiti.

— Si kiti, chérie. Ni haki ya kiti.

— Haki ya kiti iko nini?

— Klabu yetu ya mpira imejenga jukwaa upya. Sasa sisi wenye tiketi za msimu wanatuambia hivi: mtu akitaka kubaki palepale anapokaa siku zote, alipe mara moja, kiti kiwe chake miaka kumi. Halafu kila msimu ananunua tiketi kama kawaida. Asipolipa mpaka kesho saa sita mchana, wanampa mwingine.

— Kwa hiyo unalipa ili uruhusiwe kulipa.

Libérate, yule mteja aliyekuwa akisukwa, akaangua kicheko mpaka msuko ukamponyoka Gracieuse.

— Ukisema hivyo, inaonekana ya kijinga, Onesphore akakubali.

— Haionekani. Iko ya kijinga! Karatasi yako ya ukimbizi inaisha mwezi wa kumi na moja. Sisi hapa hata sofa tunaogopa kununua kubwa, tusije tukashindwa kuihamisha. Wewe unanunua kiti cha miaka kumi?

— Viwili. Changu na chako. Changu nimeshaamua, nalipa. Chako nangojea neno lako.

Kicheko kikakatika hapo hapo. Kila aliyekuwa ndani ya saluni ile ya Umbilo Road alijua kwamba keshokutwa, Jumamosi, ndiyo siku ya posa. Doudou, kaka mkubwa wa Gracieuse, aliyemlea tangu walipotoka Uvira, alikuwa amesema neno moja tu: Onesphore aje na watu wake. Asipokuja na watu, dada hapewi, na yule Peguy wa Canada ataambiwa aendelee na mipango yake ya kumwoa. Peguy alikuwa mtoto wa rafiki ya marehemu baba yao, na tangu Pasaka hakuacha kutuma picha za theluji.

Shida ni kwamba Onesphore hakuwa na watu. Durban hakuwa na hata binamu, na Bujumbura hakukubaki wa kumpigia simu.

Gracieuse akaweka kitana chini, akamvuta nje, kando ya mlango.

— Nakuuliza kitu kimoja. Jumamosi unakuja na nani?

Onesphore akainamisha kichwa.

— Nitakuja mwenyewe. Nitasema ukweli.

— Ukweli haukai kwenye kiti! Hiyo pesa ya mpira, mpe yule Méthode anayekodisha wajomba. Anao wa kila kabila, na suti anawavisha yeye. Unawapa nauli na sahani ya chakula, wanaongea vizuri kukushinda wewe.

— Siwezi kukodi mjomba.

— Watu wangapi hapa mjini wameoa na mjomba wa kukodi?

— Wengi. Na harusi ikiisha, mjomba anarudisha suti. Grace, mimi nataka kukuoa, sitaki kuigiza. Kama kuna mahali hapa Durban naweza kusema niko na watu, ni pale jukwaani, safu ya kumi na nne. Ndiyo maana sitaki kupapoteza.

— Basi waite hao!

— Eish. Wale si damu yangu. Mama mmoja Mzulu, mzee mmoja Muhindi, niwaambie waache shughuli zao waje kunibebea posa ya Kirundi? Watanicheka.

Gracieuse hakuwa mwanamke wa kulia barabarani. Aliifungua saluni ile kwa mikono yake, na hata walinzi wa benki humsalimia yeye kwanza.

— Kiti changu usikilipe, akasema. Umenisikia? Usinilipie maisha ambayo huna mpango nayo.

Akarudi ndani. Onesphore akabaki kidogo, kisha akaondoka zake kuwahi taxi ya Mobeni.

Jioni Doudou akapiga simu.

— Allô, yaya, akajibu, kama wanavyowaita kaka wakubwa kwao Uvira.

— Nimeazima viti kanisani. Nane, upande wake. Kama hana watu, vitabaki wazi na kila mtu ataviona.

— Yaya, hiyo ni kumwaibisha mtu.

— Hiyo ni desturi. Siku akikupiga, nitamwita nani? Siku akikukimbia, nitagonga mlango wa nani? Mwanaume asiye na wa kumkemea, mimi simpi dada yangu.

— Na mjomba wako wewe, siku unaoa? Si alikuwa dereva wa taxi kutoka mtaa wa Point?

— Yule alikodiwa, Doudou akasema polepole. Na siku nilipogombana na mke wangu, nilimtafuta anisaidie. Alikuwa amehamia Cape Town. Ndiyo maana nakuambia, Gracieuse. Si kwa ubaya.

Doudou alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi Gracieuse zaidi.

Ijumaa asubuhi, akiwa katikati ya kichwa kingine, simu ikalia. Ilikuwa Canada.

— Bébé! Nasikia kesho mambo yataisha. Huku nyumba iko, joto la ndani liko, friji inatengeneza barafu yenyewe.

— Peguy, jirani zako wanaitwa nani?

— Jirani? Jirani gani?

— Wa mlango wa pembeni. Anaitwa nani?

— Sijui, bwana. Huku hakuna mambo ya kujuana. Utazoea, ni vizuri sana, hakuna anayekusumbua.

Hakuwa mtu mbaya, Peguy. Gracieuse alimshukuru, akamtakia kazi njema, akakata simu. Akakaa kwenye kiti kitupu cha wateja, ambacho huwa hakikalii kamwe.

Akakumbuka msimu uliopita. Mama yake alifia Uvira, na karatasi zake hazikumruhusu kwenda kumzika. Siku ya tatu ya msiba alishindwa kukaa ndani, akamfuata Onesphore mpirani, bila kujua anafuata nini. Alipoketi tu, machozi yakamtoka. MaNgcobo, muuguzi mstaafu anayekaa nyuma yao na mwavuli wake wa rangi za timu, aliinama akamkumbatia kutoka nyuma na hakumwachia mpaka mechi ikaisha. Mzee Perumal wa Chatsworth, wa kiti cha kushoto, alikuja kesho yake na mkewe na sufuria ya biriani ya kulisha matanga yote. Ambokile, Mtanzania wa bandarini anayekaa mbele yao, alisimama mlangoni akipokea wageni kama mtoto wa nyumba ile. Goli lilifungwa siku ile mpirani, na safu yao hakuna aliyeliona.

Na Doudou aliuliza atagonga mlango wa nani.

Gracieuse akainuka, akachukua simu, akafungua ukurasa wa klabu. Akatafuta kiti chake, kile cha kulia kwa Onesphore. Bado kilikuwa wazi. Akalipa kwa pesa yake mwenyewe ya misuko, bila kuomba ushauri wa mtu. Alipomaliza ndipo akapiga namba nyingine.

— MaNgcobo? Ni Grace, wa safu ya kumi na nne.

— Mwanangu! Umelipa kiti?

— Nimelipa, mama. Lakini iko shida.

Akamweleza yote. MaNgcobo akawaka.

— Na huyu kijana hakuniambia? Nimejadili mahari za watoto wa kaka zangu wote, halafu yeye anakaa mbele yangu kila mechi na siri? Niambie, babu yenu aliitwa nani?

— Babu? Kashindi. Kwa nini?

— Hilo niachie mimi.

Jumamosi ikafika. Kwenye sebule ya Doudou, ghorofa ya tatu, viti vinane vya plastiki vilipangwa ukutani, vyeupe na vitupu. Wazee wa familia walikaa upande wa pili wakikohoa. Gracieuse alikuwa chumbani na kitenge chake kipya. Saa ya miadi ikafika, ikapita. Hakuna aliyegonga.

— Bon, Doudou akasema, akiangalia viti. Nadhani tumeona.

Hapo ndipo sauti ikapanda kutoka barabarani, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na winchi za bandari.

— Enyi wa nyumba ya Kashindi! Kashindi wa Uvira! Kashindi, baba wa watu wengi! Tumekuja kwenu! Tumeona ua kwenye nyumba yenu!

Madirisha ya jengo zima yakafunguka. Mbwa wakabweka. Chini, mbele ya geti, Ambokile alikuwa amekunja mikono mdomoni, na pembeni yake MaNgcobo, amevaa kofia ya kanisani, alimpiga kiwiko.

— Tena! Kwetu wajumbe huita mpaka wafunguliwe!

— Enyi wa nyumba ya Kashindi!

Doudou alikuwa amesimama dirishani. Miaka yote ya Durban, jina lile halikutamkwa na mtu asiye wa kwao, isipokuwa maafisa, nao walilikosea. Sasa barabara nzima ya watu wasiowajua ililisikia likitajwa kwa heshima. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akijua kabisa wote wanamwona.

— Nani amewafundisha jina la babu?

— Mimi, yaya, Gracieuse akajibu kutoka mlangoni mwa chumba.

— Wafungulie. Haraka, wasimame nje mpaka lini?

Wakapanda. MaNgcobo mbele na mwavuli, Ambokile, mzee Perumal na mkewe na sufuria, na nyuma yao safu ya kumi na nne karibu yote, wengine na skafu za timu shingoni. Viti vinane vikajaa, na bado watu walisimama. Doudou akainua kiti chake mwenyewe, akampa mke wa Perumal.

— Karibuni. Mwenye posa yuko wapi?

Ambokile akatafsiri. MaNgcobo akashangaa.

— Yuko kwenye gari. Kwetu kijana hapandi kujadiliwa akiwa amekaa hapo anatutazama.

Wazee wa Uvira wakacheka, na kicheko kile kikalegeza vifua vya wote. Doudou hakucheka. Alikuwa na swali lake.

— Mama, nakuheshimu. Lakini wewe si damu yake. Siku akimtesa dada yangu, nitakupata wapi?

MaNgcobo akasikiliza tafsiri mpaka mwisho, akaegemea mwavuli.

— Safu ya kumi na tano, nyuma yake kabisa. Nimelipia miaka kumi na siendi popote. Muhindi huyu amelipa. Ambokile amelipa. Njoo mechi yoyote, utatukuta. Lakini hutahitaji kuja. Akimgusa msichana huyu, nitampiga na mwavuli huu kabla habari haijakufikia.

Doudou akawatazama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia mkewe.

— Lete vinywaji. Wakwe zetu wamefika.

Vigelegele vikapasuka, vya Kivira na vya Kizulu kwa pamoja.

Gracieuse hakungoja vinywaji. Alishuka ngazi mbio, kitenge mkononi, mpaka kwenye gari la mzee Perumal. Onesphore alikuwa kiti cha nyuma, suti imembana, jasho limemjaa.

— Wamenikataa?

— Sogea.

Akaingia, akakaa kulia kwake, mahali anapokaa siku zote.

— Umepewa. Yaya Doudou anawaita wakwe.

Onesphore akafunika uso kwa mikono miwili. Alilia, naye Gracieuse akamwacha alie, akimshika shingo.

— Grace, nisamehe, akasema alipopata sauti. Niliogopa kuwaomba. Na kile kiti chako, nilikutii, sikulipa. Labda mpaka sasa ameshapewa mtu mwingine. Sijui atakuwa nani.

— Namjua. Mwanamke mmoja wa Umbilo Road. Ana saluni.

Onesphore akamgeukia taratibu.

— Ulilipa lini?

— Jana, kabla ya saa sita.

— Baada ya kuongea na MaNgcobo?

— Kabla. Nililipa kwanza, halafu ndiyo nikapiga simu.

— Hukujua kama watakubali kuja.

— Sikujua.

— Na karatasi yangu inaisha mwezi wa kumi na moja.

— Na yangu mwezi wa pili. Tutapanga foleni pamoja. Funga tai yako vizuri, Onesphore, watu wako wanakungoja juu.